Isiolo: Mji wa Vijiwe na Mafundi

Je, umewahi kufika Isiolo? Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilomita zipatazo 285. Utapita Nanyuki, kisha upande hadi Timau, ambako baridi ya Mlima Kenya itakulazimisha kuvaa sweta. Halafu barabara huteremka, joto likupokee, na sweta utalivua kabla hujaingia mjini.

Kwa miaka mingi lami ilikomea hapa. Magari ya kwenda Marsabit na Moyale yalisubiriana kwenye kizuizi cha polisi ili yaondoke kwa msafara. Leo lami inafika hadi mpakani mwa Ethiopia, na uwanja wa ndege wa Isiolo ulifunguliwa rasmi mwaka wa 2017. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu hukutana sokoni, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Alasiri, jua linapopunguza makali, tafuta mti wenye kivuli. Aghalabu utawakuta wazee wameinamia mchanga. Wasomali wana mchezo wao uitwao shax. Huchorwa chini kwa kidole au kijiti, kila mchezaji akawa na kete 12, na shabaha ni kupanga tatu katika mstari mmoja ili umpokonye mwenzako moja. Pwani nako kuna bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Hata kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mashimo ya bao yamechongwa mwambani. Basi usidhani michezo ya kupanga vita kichwani ililetwa na tarakilishi. Tunayo tangu jadi.

Michezo hiyo nayo hunasa watu. Mzee anaweza kusahau chai yake ikapoa. Lakini adhana ikilia au mifugo ikirejea, watu huinuka, wakakung'uta kanzu, na vijiwe vikabaki kuwa vijiwe. Hakuna kijiwe kitakachomfuata mtu nyumbani usiku.

Mchezo wa simu ni kitu kingine. Chukua mfano wa Clash of Clans, uliotengenezwa Finland na kutolewa mwaka wa 2012. Unajenga kijiji, unaunda jeshi, unapanga mashambulizi. Jengo moja laweza kuchukua siku kadhaa kukamilika, na kijiji chako chaweza kuvamiwa ukiwa umelala. Ndiyo sababu barobaro huamka usiku wa manane kutazama simu. Mchezo huo haujui magharibi wala mifugo. Umeundwa ili uitwe tena na tena.

Mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na uraibu wa michezo ya kielektroniki umo. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 hivi. Kwa hivyo, mzazi, kijana anayecheza Jumamosi alasiri si mgonjwa. Lakini anayeacha shule, chakula na marafiki kwa ajili ya mchezo anahitaji msaada, wala si kiboko.

Hapo ndipo swali la majina linapoingia. Kijana akiulizwa kwa nini halali, hujibu, "Mimi ni mtu wa kompyuta." Mzazi asiyeijua mashine hiyo hunyamaza, pengine hata akajivunia. Tuna maneno mengi ya mashine yenyewe. Wapo wanaosema kompyuta, na wengine tarakilishi, neno lililoundwa kwa tarakimu na akili. Wengine walipendekeza ngamizi, ingawa ukilitamka sokoni Isiolo utaulizwa unauza ngamia wangapi! Lakini anayeifanya mashine itende kazi tumwiteje?

Wengi humwita fundi. Wengine huona jina hilo ni la chini. Binti amesomea kutunga programu miaka minne, kisha aitwe fundi kama mtengeneza baiskeli? Lakini tulipime neno lenyewe. Katika bao la pwani, mchezaji hodari huitwa bingwa au fundi. Visiwani Komoro, fundi ni mwalimu. Hilo ni jina la heshima, tena halijitangazi. Watu ndio wanaokupa, baada ya kuona kazi ya mikono yako.

Kwa hiyo mtunga programu ni fundi, msimamizi wa mtandao ni fundi, na mlinzi wa siri za benki ni fundi. Anayeshinda vita vya simu usiku kucha tumwite mchezaji hodari, na hilo si tusi. Kichwa chake kinaweza kupanga, kuvumilia na kukadiria. Kilichobaki ni apate kazi ya kukitumia.

Kazi ipo, na Isiolo inaionyesha. Akina mama wa chama cha ushirika cha Anolei wamekuwa wakikusanya maziwa ya ngamia na kuyasafirisha kwa basi hadi Nairobi, hasa mtaa wa Eastleigh. Fikiria hesabu zake: lita ngapi zilitoka kwa nani, ngapi ziliharibika kwa joto, nani alipwe nini. Mpe mwanao fumbo kama hilo. Mwambie atengeneze programu ndogo ya kujumlisha maziwa ya wafugaji kumi na kugawa malipo. Akiweza, ameshaanza kuwa fundi. Asipoweza, amepata la kujifunza, na kesho atarudi kwa hamu ile ile anayorudia mchezo.

Tena wekeni saa nyumbani, kama adhana ilivyo saa ya wazee. Simu zote, pamoja na ya baba, zilale sebuleni.

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Ukienda Isiolo, keti kivulini, cheza shax, ushindwe na mzee. Kisha kunywa maziwa ya ngamia kabla ya kuvaa sweta na kuupanda mlima kurudi.