Programu ya Kuunga Udugu

Mwezi uliopita, baada ya swala ya Isha, alitujia mpwa wetu pamoja na mamake. Kijana amesomea kompyuta, na amebuni programu ya simu ya kumkumbusha mtu jamaa zake: nani hajapigiwa, nani amejifungua, nani amekaa eda. Dada yetu alikuwa tayari kuzipeleka bangili zake kwa sonara ili kazi ikamilike. Wakataka shauri letu.

"Mjomba, ijaribu mwezi mmoja tu," akasema. Tukaandika majina 43, la kwanza likiwa la shangazi yetu aliyeko Lamu.

Tukiri kwamba mwanzoni ilitufaa. Tulizungumza na watu ambao tangu Idi hatukuwa tumezisikia sauti zao. Alhamisi ya tatu ikafika zamu ya shangazi, nasi tuko mlangoni tukiwahi darsa. Tukabonyeza "nimeshapiga" ili simu inyamaze, tukijiahidi kupiga baadaye. Jina lake likageuka kijani. Likakaa kijani siku 9, na siku zote hizo maskini alikuwa kitandani kwa homa, akipikiwa uji na jirani aliyemkataza kutuarifu. Tulipompigia hatimaye, aliuliza kwa upole, "Leo ile simu yako imekukumbusha, mwanangu?" Tulikuwa tumejisifu kwake kuhusu programu hiyo.

Tulimsimulia kijana hayo bila kuficha. Yeye mfano wake ulikuwa Path, mtandao ulioanzishwa Marekani mwaka 2010, ambao mtu aliruhusiwa marafiki 50 tu, wale wa karibu. Tukamuuliza uko wapi leo. Akajibu kwamba mpaka ule ulipandishwa hadi 150, na mwaka 2018 mtandao ukafungwa.

Hatukushangaa. Matangazo ya biashara hutaka umati, na jamaa wa mtu ni wachache. Akitoza ada, ni nani atakayelipa kila mwezi akumbushwe mamake, ilhali kikundi cha familia cha WhatsApp hakimtozi ada? Tena mwenye bidii ya kuandika kila simu aliyopiga ndiye asiyehitaji kukumbushwa. Wanaohitaji ni wavivu kama sisi, nasi tumeshaonyesha tunavyobonyeza.

Jambo moja tulimwomba alifute kabisa: sehemu inayohesabu ni zamu ya nani kupiga. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa muungaji udugu si yule anayelipa wema kwa wema, bali ni yule ambaye akikatwa, huunga.

Dada alinuna, ni mama, anaamini kazi ya mwanawe. Tumekubaliana kijana aanze na familia za madrasa yetu kwa ada ndogo, tuone ni ngapi zitakazolipa mwezi wa pili. Hadi hapo bangili zibaki mkononi mwake.

Nasi kesho alfajiri tunapanda basi kwenda Mokowe, tuvuke kwa shangazi.