Ijumaa Usiku, Juu ya Tangi la Maji

Pale Hampstead, kaskazini mwa London, hakuna anayekuuliza umetumwa na nani. Lango liko wazi, mzee mmoja aliyejifunga skafu mpaka masikioni anakukaribisha, na hakuna daftari la kuandika jina, namba ya simu na sababu ya ziara. Kiingilio hakuna. Unaingia chini ya kuba, unasubiri zamu yako nyuma ya mtoto na baba yake, unasogeza jicho kwenye lenzi, na Zohali hiyo hapo na pete zake. Mwanga unaoupokea umesafiri zaidi ya saa nzima kukufikia.

Mwandishi wa makala haya, mzaliwa wa Pangani aliyehamia London kikazi, alitoka pale na furaha isiyo kifani. Alipofika kituo cha treni furaha ile ilikuwa imegeuka hasira, na hasira yenyewe ilielekea nyumbani.

Kituo hicho cha kutazamia nyota ni mali ya Hampstead Scientific Society, chama cha watu wa kawaida kilichoanzishwa mwaka 1899. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1910, limekaa juu ya tangi la maji lililofukiwa ardhini, karibu na bwawa la Whitestone ambako ardhi ya London inafikia moja ya vilele vyake. Anayekuja kwa treni anashukia kwenye kituo kilicho chini kuliko vyote katika mtandao wa reli za ardhini za jiji hilo, mita 58 hivi kutoka juu, kisha anaanza kupanda mlima. Darubini ni ya lenzi ya inchi 6, kazi ya mafundi wa kampuni ya Cooke ya mji wa York, na imeshapita umri wa karne moja. Wanaoiongoza hawalipwi. Wamefunzwa na wanachama waliowatangulia, wanapangiana zamu, na wanasimama kwenye baridi ile Ijumaa na Jumamosi usiku, kuanzia Septemba mpaka Aprili, ili mpita njia aone.

Na wanaona kidogo mno! Mawingu ya London kila mtu anayajua. Mwanga wa taa za jiji umefuta nyota nyingi, zinabaki zile zenye nguvu tu. Kiangazi ndiyo kabisa: kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai giza kamili haliingii, jua linazama lakini haliendi mbali, na kuba linafungwa mpaka msimu ugeuke. Hata hivyo chama cha watu hawa kimevuka vita viwili vya dunia.

Sasa mtazame mtu wa Pangani. Magharibi ikishaadhiniwa, haipiti saa moja usiku umeshaingia, mwaka mzima, bila kusubiri msimu. Kutoka hapo, nyuzi tano na kitu kusini mwa ikweta, karibu anga lote la dunia linapita juu ya kichwa chake. Msalaba wa Kusini anao. Alfa Sentauri, jirani wa karibu kuliko nyota zote zinazoonekana kwa macho, anayo, na mkazi wa London hataiona maisha yake yote asipopanda ndege. Mwezi wa Aprili akigeukia kaskazini anaziona hata zile nyota saba za Dubu Mkubwa ambazo Wazungu hudhani ni zao peke yao. Anachokosa ni nyota ya kaskazini tu. Hata mwezi mchanga kwake umelala kama mashua, pembe zote mbili juu. London husimama upande.

Wala si kwamba kwetu hatutazami juu. Bibi yake mwandishi alikuwa akikiangalia Kilimia kabla ya kutoa mbegu kwenye chungu. Mjomba wake, nahodha wa jahazi la kwenda Pemba, alishika njia kwa nyota na hakupenda kubishiwa. Na mwezi mwandamo je? Nyumba mbili zinazotazamana, moja imekula Idd, nyingine bado imefunga, na simu hazikatiki: umeonekana wapi, nani kauona? Pale Hampstead mwanachama mmoja alieleza kwa utulivu jinsi ya kukokotoa umri wa mwezi kwa saa na muda utakaobaki angani baada ya jua kuzama. Mwandishi aliwaza jinsi maelezo yale ya dakika kumi yangepokelewa na wazee barazani. Huenda ubishi usingeisha, kwa sababu suala la kuufuata mwezi wa nchi gani ni jingine kabisa, lakini hilo tuliache.

Kinachouma ni mlango. Katika shule moja ya nyumbani darubini ipo, ya msaada, imo ndani ya sanduku, na ufunguo uko kwa mwalimu aliyehamishwa. Ukitaka kuiona, andika barua. Barua ipitie kwa mkuu. Mkuu yuko semina.

Hamu ya watu isitiliwe shaka. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki pete ya moto, watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, wanafunzi na wakulima na wageni wa mbali. Nchini Kenya, Susan Murabana na mumewe Chu Owen wanazunguka mashuleni na darubini yao chini ya jina la Travelling Telescope, na watoto wanapanga foleni. Na pwani hii hii, tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi ikiwa na setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kutazama nyota kwa miale ya eksirei. Ilikuwa siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuitambua Cygnus X-1 kuwa shimo jeusi, na kiongozi wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kila mtoto wa Malindi alistahili kukua akiijua habari hii.

Tena atakayesema hii ni kazi ya maprofesa amkumbuke Will Hay. Alikuwa mchekeshaji wa sinema za Uingereza. Mwaka 1933, kwa darubini ya inchi 6 nyumbani kwake kusini mwa London, aligundua doa jeupe kubwa juu ya Zohali, na wataalamu wakalifuata.

Mwandishi amejiunga na chama. Fomu ilikuwa fupi, ada nafuu, na sasa anajifunza kuzungusha kuba na kuitafuta sayari bila kumchosha anayesubiri. Kwenye simu na kaka yake aliyebaki Pangani mazungumzo ni hayo hayo. Kaka alianza na hoja ya maji: mabomba kwanza, nyota baadaye. Akajibiwa kwamba darubini ya kioo ya inchi 8, iliyokalia sanduku la mbao, haihitaji umeme wala jengo, na bei yake haichimbi kisima. Hilo amelikubali. Kilichobaki ni mahali. Kaka anataka iwekwe shule ya sekondari kwa sababu kuna ukuta na mlinzi. Dada mtu, ndiye mwandishi, anataka itolewe Ijumaa usiku karibu na kivuko, wanaposhuka watu wa Bweni na akina mama wanaokaanga samaki, kwa sababu pale hakuna geti.