Tishari la Ujumbe: Juu ya Ukubwa wa Bafa na Jina Lake

Kwa miaka mingi meli kubwa zilizofika Tanga hazikufunga gatini. Kina cha maji kando ya gati kilikuwa kifupi, kwa hiyo meli zilitia nanga ndani ya ghuba na shehena ikateremshwa katika matishari, nayo matishari yakakokotwa hadi nchi kavu. Utaratibu huo uliwafunza watu wa bandarini maswali matatu ambayo hayakuweza kuepukwa: tishari liwe na ukubwa gani, matishari yawe mangapi, na yote yakishajaa nani atasubiri. Maswali hayo hayo matatu ndiyo anayokabiliana nayo leo mtaalamu anayeandika kiendeshaji cha mfumo endeshi kwa ajili ya prosesa ndogo zilizopachikwa ndani ya mashine.

Yafaa jambo lenyewe lielezwe. Prosesa nyingi za namna hiyo zina viini vya aina mbili katika kipande kimoja. Kiini kikubwa huendesha mfumo kama Linux. Kiini kidogo hufanya kazi isiyovumilia kuchelewa, kama vile kusoma vipimo au kuongoza mota. Viini hivi hupelekeana habari kwa kuziweka katika sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa na vyote viwili. Sehemu hiyo hugawanywa katika vyumba vya ukubwa ulio sawa, na kila chumba huitwa bafa. Katika utaratibu wa Linux ujulikanao kama RPMsg, ukubwa uliozoeleka wa bafa moja ni baiti 512. Baiti 16 kati ya hizo huchukuliwa na kichwa cha ujumbe, chenye anwani ya mpelekaji, anwani ya mpokeaji na urefu wa ujumbe. Kwa hiyo ujumbe wenyewe hubakiwa na baiti 496. Bafa zaweza kufika 512 kwa jumla, nusu kwa kila upande, yaani kilobaiti 256 za kumbukumbu.

Kwa kompyuta ya mezani kiasi hicho si kitu. Kwa kiini kidogo chaweza kuwa kikubwa kuliko kumbukumbu yote kilichojaliwa. Ndiyo maana mtaalamu hushawishika kukibadili, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Bafa zikiwa kubwa mno, ujumbe wa baiti 20 hukalia chumba kizima, kama tishari lililobeba gunia moja la mkonge. Zikiwa ndogo mno, ujumbe mmoja hukatwa vipande, na kila kipande humkatiza mpokeaji kazi yake. Zikijaa zote, mpelekaji hana budi kungoja. Katika Linux, njia ya kawaida ya kupeleka humngojesha hadi sekunde 15 kabla ya kumrudishia jibu kwamba imeshindikana. Kwa chombo kinacholinda mashine isiungue, sekunde 15 ni muda mrefu sana.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni ya upande mmoja kubadili kipimo bila upande wa pili kukubali. Mpelekaji akidhani chumba kina baiti 1024 ilhali kimetengwa cha 512, maandishi yake yatamwagikia chumba cha jirani na kuharibu ujumbe usiohusika. Jambo hili halikuwa geni kwa wafanyabiashara wa pwani. Pishi moja ni vibaba vinne, na soko lilisimama kwa sababu muuzaji na mnunuzi walikubaliana hivyo. Penye vibaba viwili tofauti hapana biashara, pana ugomvi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini wanaisimu wajishughulishe na mambo hayo. Jibu limo katika kila nyumba yenye mita ya LUKU, kwani mita hiyo nayo ina prosesa ndogo ndani yake. Namba ya tarakimu 20 anayoingiza mteja hubeba, pamoja na mengine, alama ya wakati iliyotengewa biti 24. Wakati huo huhesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993. Biti 24 hutosha dakika 16,777,216 tu, na nafasi hiyo ilikwisha tarehe 24 Novemba, 2024. Kabla ya siku hiyo mita za mfumo huo duniani kote, za Tanzania zikiwamo, zilihitaji kuingiziwa namba maalumu, la sivyo zisingeweza kupokea umeme mpya. Alama hiyo si bafa, lakini funzo ni lile lile: mtu mmoja aliamua ukubwa wa chumba, na miongo mitatu baadaye uamuzi wake ukabisha hodi Chumbageni na Pangani. Neno kama "maboresho" humweleza mteja kwamba kuna jema linalokuja. Halimwelezi kwamba nafasi imejaa. Mwanzo mpya wa hesabu ni mwaka 2014, na kwa biti zile zile 24 nafasi itajaa tena mwaka 2045. Watakaokuwapo watastahili kuelezwa sababu kwa maneno wanayoyaelewa.

Kwa hiyo suala la jina si pambo. "Bafa" ni neno la kukopa lisilomdokezea mwanafunzi chochote. "Akiba" humpotosha, kwa kuwa akiba huwekwa ikae, hali bafa hujazwa ili imwagwe upesi. "Ghala" lina kasoro hiyo hiyo. "Tishari" lina sifa zote zinazotakiwa: ni chombo cha kati, kina ukubwa maalumu, hujaa, hutoka tupu na kurudi kazini, na ukubwa wake hufuata uwezo wa pande mbili, meli na gati. Upanuzi wa maana wa namna hii ni njia ya zamani katika Kiswahili. Ndiyo iliyolipa neno "ndege" maana ya chombo cha angani na "mkongo" maana ya waya wa mawasiliano.

Kazi za upanuzi wa bandari ya Tanga zilizofanywa kati ya 2019 na 2023 zilichimba kina hadi mita 13 na kuipa gati mita 450, hata meli kubwa zikaweza kufunga. Tishari limeanza kupoteza kazi yake ya kale, na vijana wa Tanga watalisikia kwa nadra. Neno lililokosa kazi baharini laweza kupewa nyingine darasani kabla halijasahauliwa. Wakuza istilahi hawana haja ya kwenda mbali kulitafuta.