Msingi wa Kijumba cha Watoto

Watoto wetu wa shule ya Jumapili walipoomba kijumba cha mbao cha kuchezea, tulikisimika haraka kwenye mchanga karibu na ziwa. Mwanza imejaa mawe, lakini tuliyakwepa kwa uvivu wa kuchimba. Masika ya 2020 Ziwa Victoria likafurika. Kijumba kikainama, nusura kimwangukie mtoto. Tuliona aibu, maana mfano wa mjenzi mwenye busara tuliwafundisha sisi wenyewe.

Tukahamia mlimani. Tukachimba mpaka tukagonga mwamba, tukamwaga kokoto, tukashindilia, tukasawazisha kwa pima maji, kisha tukainua mbao juu ya matofali ili unyevu usizifikie na mchwa tuwaone mapema.

Wapendwa, Neno tulilowafundisha watoto lilikuwa likitusubiri sisi tulitende.