Soda ya Lita Mbili

Mdogo wangu ana miaka tisa. Shuleni wanamwita Tingatinga. Kwetu Ukunda hatukuona shida: Bibi alilea wanawe katika miaka ya njaa, na shavu nene kwake ni baraka. Kwenye mizani tulizoea kuogopa mtoto akipungua tu.

Siku nesi wa Msambweni alipompima, Mama alitarajia orodha ya vya kumkataza. Nesi akauliza, "Soda hununua nani?"

Mama akanitazama. Mie, niliyeacha chuo mwaka wa pili nikarudi kuandikia watu makala. Kila nikilipwa huja na chipsi na soda ya lita mbili. Ndiyo ilikuwa namna yangu ya kuonyesha bado nina faida nyumbani.

"Asile chake peke yake," nesi akasema. "Mkibadilisha, badilisheni nyote."

Wiki ya kwanza nilinywa yangu kwa kujificha, nyuma ya tangi la maji. Akanikuta. Hakuomba hata tone. "Kaka, kwani mimi nimekosa nini?"

Sasa chipsi ni mara moja moja. Nazi imebaki, hapo Bibi alikataa katakata, nami nikamuunga mkono. Jioni twatembea hadi ufukweni Diani. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wachangamshe mwili dakika 60 kwa siku. Yeye hahesabu, anakimbiza kaa. Uzito haujashuka. Nesi asema tusiharakishe, bado anarefuka.

Juzi nililipwa. Nilisimama dukani kitambo, nikatoka na mpira.

Bibi akauliza, "Na soda je?"