Mkaidi, Bajaji Yangu

Nina bajaji moja kuukuu. Turubai lake lina viraka vitatu. Taa yake moja hutazama barabara, na ya pili hutazama minazi. Nyuma yake pameandikwa kwa rangi nyeupe: MKAIDI.

Jina hilo sikulichagua mimi. Walilichagua watoto wa kijijini kwetu, hapa Pemba, upande wa Wete. Wao ndio waliokuwa wakimsukuma kila alipozima. Wanaijua ile methali isemayo kuwa mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Mimi nikakubali, na mwanangu akaliandika.

Nilimnunua mwaka 2021 kwa mtu wa Unguja. Alivuka bahari kwa meli, akashushwa bandarini Mkoani. Mwenye kuniuzia hakunificha kitu. Aliniambia, "Huyu ana tabia zake." Nilicheka. Nilidhani tabia ni za watu tu.

Kumbe chombo nacho kina tabia. Asubuhi Mkaidi huwaka mara moja, akanguruma kwa furaha. Akiingia shimoni, honi hulia yenyewe. Watu hudhani nawasalimu. Basi huniitikia salamu ambayo sikuitoa.

Na mashimo hayamkosi. Ukiwa na gari ya magurudumu manne, unaweza kuliacha shimo likapita katikati. Ukiwa na magurudumu matatu, huwezi. Ukilikwepa kwa magurudumu ya nyuma, la mbele liko hapo hapo katikati, linatumbukia. Kwenye kona nako lazima upunguze mwendo, maana mbele kuna gurudumu moja tu la kukushika. Ukikata kona kwa kasi, gurudumu moja la nyuma huinuka, na chombo kikapinduka.

Juu ya hayo, nilimpenda. Nilimwosha kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Nilikaa naye jioni nikimfuta vumbi, kama mvuvi na ngalawa yake.

Lakini alikuwa na ila moja kubwa. Alizima njiani. Hakuzima kila siku, wala hakuzima mahali pamoja. Alizima alipotaka. Akipumzika saa nzima, aliwaka tena kama kwamba hapakuwa na jambo. Wengine walisema ana kijicho cha watu. Wengine walisema amechoka, nimuuze chuma chakavu. Mimi nilisema, "Ni tabia yake tu. Atawaka."

Ndugu msomaji, neno hilo "atawaka" ndilo lililoniponza.

Ilikuwa mwaka 2022, msimu wa karafuu. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima na mjane, aliniomba nimchukulie karafuu zake mbichi kutoka shamba. Zilikuwa magunia manne. Wewe unajua kazi iliyokuwa imekwisha kufanyika. Watu walikuwa wamepanda mikarafuu na kuchuma. Walikuwa wamelipwa kwa pishi. Kilichobaki ni kuzifikisha nyumbani, kuzichambua vikonyo na kuzianika majamvini.

Nilipakia magunia jioni. Tukashuka bondeni, tukaanza kupanda kilima. Katikati ya kilima, Mkaidi akazima.

Nikakaa kumngoja. Likapita gari la ng'ombe. Mwenye gari akasema, "Tupakie, nikusaidie." Nikamwambia, "Ahsante ndugu yangu, pita tu. Atawaka sasa hivi." Likapita gari la pili. Nikajibu vivyo hivyo. Niliona haya. Mtu mwenye mashine aokolewe na ng'ombe?

Giza likaingia. Mvua ikaanyesha. Viraka vya turubai vikafunguka. Mkaidi hakuwaka usiku ule.

Karafuu zilifika kwa mwenyewe kesho yake mchana, zimerowa, zina joto ndani ya magunia. Mvua ikaendelea siku mbili na jua halikuonekana. Karafuu mbichi hazingoji. Zikikaa zimeshindiliana huchemka, na zikichemka hubadilika rangi na kupoteza thamani. Hivyo ndivyo zilivyokuwa zile.

Nilikwenda kumtaka radhi. Nilimwambia habari ya chombo, ya kilima na ya mvua. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, chombo chako unakipenda. Lakini hukijui."

Nilimlipa kwa karafuu zangu mwenyewe, pishi kwa pishi. Mwaka ule kwangu hapakununuliwa nguo za Idi. Lakini maneno yake yaliniuma kuliko hasara. Mwaka mzima nilikuwa na Mkaidi. Nilijua honi yake na mlio wake. Sikujua kwa nini anazima.

Basi nikamwomba binti yangu daftari moja la skuli. Mimi nilijifunza kuandika ukubwani, kama wengi wenu. Kalamu ilikuwa nzito mkononi mwangu kuliko spana. Lakini nilipiga mistari, nikaandika vichwa vitano: Tarehe. Mahali. Mvua au jua. Mzigo. Petroli iliyobaki. Kila Mkaidi alipozima, niliandika hapo hapo, nikiwa nimekaa kando ya njia.

Baada ya miezi miwili alikuwa amezima mara tisa. Usiku mmoja nilifungua daftari chini ya taa, nikasoma kutoka juu kwenda chini. Mvua? Mara nyingine ipo, mara nyingine haipo. Mzigo? Mara mwingi, mara mtupu. Mahali? Mbalimbali. Petroli iliyobaki? Kidogo. Kidogo. Kidogo. Mara nane katika tisa niliandika neno hilo moja.

Nililitazama daftari kwa muda mrefu. Kichwa changu kilikuwa hakijaona jambo hilo mwaka mzima. Kalamu ililiona kwa miezi miwili.

Nikalipeleka daftari kwa fundi. Alilisoma, akatabasamu, akafungua tangi. Chini palikuwa na kutu, mchanga na maji. Akanieleza hivi. Petroli ikiwa nyingi, uchafu hukaa chini ya tangi, na mashine hunywa petroli safi. Petroli ikiwa kidogo, chombo kikirukaruka mashimoni, uchafu huchanganyika nayo. Huingia katika bomba na kuziba tundu dogo la kabureta. Mashine ikikosa petroli, huzima. Ukiiacha itulie, huenda uchafu ukashuka, na petroli ikapita tena. Ndiyo sababu Mkaidi akipumzika aliwaka.

Na nani aliyekuwa akitia petroli lita moja leo na lita moja kesho? Ni mimi. Nilidhani ninabana matumizi. Ukaidi haukuwa wa bajaji peke yake.

Fundi aliosha tangi, akasafisha kabureta, akatia chujio jipya. Tangu siku ile siachi petroli ishuke chini ya nusu ya tangi, na chujio nalibadilisha kwa tarehe iliyoandikwa.

Baadaye nilisoma habari moja iliyonifurahisha. Mwaka 1886, Mjerumani Karl Benz alipata hataza ya gari yake ya petroli. Gari ile, iliyo mama wa magari ya leo, ilikuwa na magurudumu matatu, kama Mkaidi. Mwezi wa Agosti 1888, mkewe Bertha aliichukua bila ya kumwambia mumewe. Alifuatana na wanawe wawili. Alitoka mji wa Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, safari ya zaidi ya kilomita 100. Njiani bomba la petroli liliziba. Akalizibua kwa pini ya kofia yake. Petroli ilipokwisha, akanunua dawa ya kuondolea madoa katika duka la dawa, akaitia. Breki zilipolika, fundi wa viatu akazitia ngozi. Kwenye vilima vikali, gari ilibidi isukumwe.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Kumbe bomba kuziba ni jambo la zamani! Lakini Bibi Bertha hakukaa kilimani akisema "itawaka". Alitafuta palipoziba. Na aliporudi alimweleza mumewe kwamba gari inahitaji gia ya kupandia milima, naye akaitia.

Je, Mkaidi hazimi tena? Huzima. Ni mzee, na mzee ana siku zake. Lakini sasa akizima naandika. Na likipita gari la ng'ombe likiwa mimi nina mzigo wa mtu, nalisimamisha.

Msimu uliofuata, yule mama alinituma tena. Nilishangaa. Nilimwuliza, "Mama, huogopi?" Akasema, "Kwanza nionyeshe hilo daftari." Hajui kusoma, lakini aliligeuza ukurasa kwa ukurasa, akapapasa mistari kwa kidole. Kisha akasema, "Haya, kapakie."

Ndugu msomaji, labda wewe huna bajaji. Una baskeli, au cherehani, au ng'ombe wa maziwa, au shamba la mpunga bondeni. Bila shaka nacho kina tabia zake. Usiseme tu "ndivyo kilivyo". Nunua daftari, piga mistari, andika tarehe. Kusoma umekwisha kujifunza. Sasa jisomee mambo yako mwenyewe.