Nasaba ya Mijusi wa Andes

Mtu akitaka kuijua nasaba yake huwauliza wazee. Mjusi hana wa kuulizwa; kwa hiyo wataalamu walioupanga ukoo wa Liolaemus wa Amerika ya Kusini walishika kile kilichoonekana kwa macho: magamba, rangi, meno na mkia. Jina la ukoo huo lilitolewa na Mjerumani Wiegmann mwaka 1834. Mwaka 1843 Thomas Bell akaeleza mijusi ambao Charles Darwin aliwaleta Uingereza kutoka safari ya Beagle. Leo spishi zake zimepita 250.

Wingi huo haukosi kutaka mafungu. Raymond Laurent, Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo kabla ya kuhamia Tucumán nchini Argentina, aliugawa ukoo huo katika miaka ya 1980: fungu la Chile na fungu la Argentina. Majina hayo yasidhaniwe kuwa mipaka ya serikali, maana mijusi hawana pasi, na wa fungu la Chile wapo Argentina pia. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2000 uliunga mkono mgawanyo huo.

Lakini chembe hizo hizo zimevunja dhana nyingine. Baadhi ya mijusi hawa hutaga mayai, na wengine huzaa watoto hai. Ingekuwa wepesi kusema kwamba wote wazaao ni wajukuu wa bibi mmoja. Sivyo. Kuzaa kulianza mara nyingi, mbali mbali, aghalabu penye baridi: ardhi ya huko haiwezi kuangua yai, bali mama aotaye jua hulibeba joto tumboni mwake. Kula majani nako kumezuka mara nyingi katika koo hizi. Basi kufanana kwao ni kwa shida iliyowapata, wala si kwa damu.

Jambo hili si mchezo wa majina. Dunia inapozidi joto, mijusi wa baridi hawana pa kukimbilia ila juu, na mlima una kilele. Katika Chachani, nchini Peru, mmoja wao ameonekana kwenye mita 5,400. Spishi mbili zikiitwa kwa jina moja, moja yaweza kutoweka kabisa huku vitabu vikilihesabu jina kuwa salama. Hata sasa spishi mpya zingali zikitangazwa, nyingine zikichomolewa ndani ya majina ya zamani.